Jina Jipya, Stakabadhi za Zamani: Tunajibu Barua Zenu

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji transjenda wa Nairobi, yaani watu ambao jinsia yao si ile waliyoandikishwa nayo walipozaliwa, na chache kwa watu wanaoishi au kufanya kazi nao. Majina ya walioandika tumeyaondoa na barua ndefu tumezifupisha. Jambo moja limewachanganya karibu wote, kwa hiyo tuliseme mapema: nchini Kenya, kubadili jina na kubadili alama ya jinsia (ile ya mwanamume au mwanamke kwenye stakabadhi) ni shughuli mbili. Ya kwanza ina sheria, ada na dirisha la kuipelekea. Ya pili haina utaratibu ulioandikwa kwa mtu mzima transjenda. Ukizifunga katika ombi moja, ile isiyo na njia itaizuia yenye njia.

Swali: *Nina miaka 26, naishi Umoja. Tangu mwaka juzi watu wote wananiita kwa jina langu la kike, lakini kitambulisho kinasema mengine. Rafiki amenishauri niende kwa kamishna wa viapo nilipe mia chache, nipigiwe muhuri, basi. Ni kweli?*

Jibu: Si kweli, dada. Utakachopewa pale ni hati ya kiapo, yaani afidaviti. Inasema tu kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Ina kazi yake, na tutaifikia huko chini, lakini haibadilishi jina. Ukiipeleka kwa Msajili wa Watu, anayetoa vitambulisho, utarudishwa nayo.

Unachohitaji ni hati ya kubadili jina. Kwenye kaunta wataiita "deed poll", kwa hiyo ulizia kwa jina hilo usizungushwe. Inatokana na Sheria ya Usajili wa Hati, Sura ya 285, na kanuni zake za mwaka 1967. Wakili ndiye huiandika. Wewe unatia sahihi mara mbili, kwa jina la zamani na kwa jina jipya, mbele ya shahidi. Huambatanishwa na tamko la kisheria la mtu anayekufahamu kwa miaka mingi, nakala ya kitambulisho, nakala ya cheti cha kuzaliwa na picha ndogo za pasipoti. Kisha hupelekwa kwa Msajili wa Hati, Ardhi House kule Community, hulipiwa na kusajiliwa. Ikirudi inakuwa na nambari ya uwasilishaji, juzuu, folio na faili. Nambari hizo ndizo zitakazochapishwa kwenye tangazo la Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hutoka kila Ijumaa.

Hapo kwenye tangazo ndipo wengi hukwama. Mtu anakabidhiwa hati iliyosajiliwa, anafurahi, anaenda zake, kumbe tangazo halijalipiwa. Miezi baadaye benki inamwomba ukurasa wa gazeti na hana. Mnapopatana malipo na wakili, muulize kinaganaga: je, fedha hizi ni za kuandika tu, au pia ushuru wa stempu, usajili na tangazo? Mwambie aandike kwenye risiti. Na kabla ya kumlipa yeyote, tafuta jina lake kwenye orodha ya mawakili katika tovuti ya Chama cha Mawakili uone kama ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu. Wanaozurura nje ya mahakama wakiuza "hati ya siku moja" waache na biashara yao.

Hulazimiki kueleza kwa nini unabadili jina, wala barua ya daktari haitakiwi katika hatua hii.

Sasa jina lenyewe. Wasomaji wengi hubadili jina la kwanza na kusahau la kati. Kwa Mluo, Otieno na Atieno ni majina yanayotaja jinsia waziwazi, na kwa Mkalenjin ni vivyo hivyo kwa Kipkoech na Chepkoech. Ukibadili moja leo na jingine mwakani, utalipa wakili, usajili na tangazo mara mbili. Amua kuhusu majina yote matatu kabla ya kuketi na wakili. Jina la ukoo, la baba, tungekushauri uliache kama halikukeri, maana ndilo linalokuunganisha kwa urahisi na stakabadhi za wazazi siku ya mirathi au ya kuombewa bima.

Halafu tahajia. Jina la zamani liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho, hata kama kitambulisho chenyewe kilikosea. Ng'ang'a akiandikwa Nganga kwenye hati, kuna karani atakayesema hao ni watu wawili. Jina jipya nalo liandike kwa mkono wako, kwa herufi kubwa, umpe wakili. Usimtajie kwa simu.

Swali: *Watu wangu kule Kiambu hawajui lolote. Hilo tangazo nani hulisoma?*

Jibu: Yeyote anayetaka. Gazeti Rasmi huchapishwa na pia hupatikana mtandaoni, na mtu akitafuta jina lako la zamani anaweza kuliona miaka kumi baadaye. Tangazo hutaja jina la zamani, jina jipya, tarehe ya hati, nambari za usajili, sanduku la posta na wakili aliyelitoa. Halitaji sababu. Hata hivyo majina mawili yakikaa pamoja huwa yameshasema, na maandishi yenyewe ni ya Kiingereza, kwa hiyo kiwakilishi cha kike au cha kiume kitaingia mle. Mwulize wakili atatumia kipi kabla hajatuma.

Unachoweza kupunguza ni anwani: tumia sanduku la posta la wakili badala ya lile la nyumbani, ambalo huenda ni la baba. Wengine huchagua jina lisilotaja jinsia, nalo hupita bila kelele. Zaidi ya hapo, panga ni nani unayetaka alisikie kutoka kinywani mwako, na umwambie kabla ya Ijumaa hiyo. Jamaa zako hawana haki ya kupinga jina la mtu mzima, lakini wana uwezo wa kukufungia mlango, na kama unakaa kwao hesabu hiyo ifanye mapema.

Swali: *Nilipeleka hati iliyosajiliwa na ukurasa wa gazeti kwa ofisi ya usajili wa watu. Karani aliangalia jina, akaniangalia usoni, akasema jina la kike haliwezi kukaa kwenye kitambulisho chenye alama ya mwanamume. Nibadilishe jinsia kwanza, ati. Nifanyeje?*

Jibu: Karani amekosea. Hakuna sheria ya Kenya inayogawa majina kuwa ya kike na ya kiume. Ombi lako ni la kubadili maelezo ya jina, na hati iliyosajiliwa pamoja na tangazo ndiyo uthibitisho wake.

Rudi ukiwa na vitu hivi: kitambulisho halisi, hati halisi na nakala mbili, ukurasa wa gazeti, cheti cha kuzaliwa, na barua fupi ya mistari mitatu inayosema unaomba kubadilishiwa jina pekee. Sentensi hiyo ya "jina pekee" ina uzito, kwa sababu inamwondolea karani hofu ya kutia sahihi jambo asilolijua. Akikataa tena, usibishane. Mwombe akuandikie sababu. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 vinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mara nyingi karani aliyekuwa mkali anapoombwa kuandika humwita mkubwa wake, na mkubwa hulimaliza. Lisipoisha, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Utawala, ile ya Ombudsman, bila malipo.

Kisa cha kumkumbusha wakili wako ni cha Julai 2014. Bodi ya kusimamia mashirika yasiyo ya kiserikali ilikuwa imekataa kusajili shirika la Transgender Education and Advocacy kwa sababu majina ya viongozi wake hayakuoana na jinsia iliyokuwa kwenye stakabadhi zao. Jaji George Odunga aliiamuru bodi ilisajili.

Kuhusu alama ya jinsia yenyewe: Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, inaorodhesha jinsia miongoni mwa mambo yanayoandikwa, lakini haielezi mtu transjenda aibadilishe vipi. Anayetaka kuibadili kwa sasa anaelekea mahakamani akiwa na wakili na ripoti za daktari. Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret ilitaka serikali ilete sheria ya kulinda haki za watu transjenda, na ni hatua kubwa, ila uamuzi wa mahakama hauweki fomu kwenye kaunta ya Makadara. Na usishauriwe kujiandikisha kama mtu mwenye jinsia mbili ili upite kwa mlango wao. Wale waliohesabiwa kwa mara ya kwanza katika sensa ya 2019, wakawa 1,524, na ambao watoto wao wanatajwa katika Sheria ya Watoto ya 2022, ni watu waliozaliwa na maumbile hayo. Kutoa maelezo ya uongo kwa ofisi ya usajili ni kosa la jinai.

Kwa sababu iyo hiyo, usiripoti polisi kwamba kitambulisho kimepotea ili tu upigwe picha mpya. Omba kubadili maelezo. Picha na alama za vidole huchukuliwa upya hapo hapo, nawe unapata uso wako wa sasa kwa njia halali.

Jambo la mwisho kabla hujaondoka dirishani. Kitambulisho cha zamani utakirudisha, na utapewa karatasi ya kusubiri ambayo benki nyingi haziitambui. Kwa hiyo kabla ya kwenda, toa nakala ya pande zote mbili za kitambulisho, wakili aithibitishe kwa muhuri, kisha maliza shughuli yoyote ya benki inayokubana. Miezi ya katikati ndiyo migumu.

Swali: *Kitambulisho kipya ninacho! Nauza viatu Gikomba, na mteja akinitumia pesa kwa M-PESA jina la zamani linatokea, wengine wanadhani nimewatapeli. Nianze kubadilisha wapi, na je, mkopo wangu utapotea?*

Jibu: Nambari ya kitambulisho haibadiliki, na hiyo ndiyo nguzo ya mambo yote. Mkopo, akiba, historia ya ushuru na michango yako vimefungwa kwenye nambari. Deni halitapotea, na hata ungetamani lipotee, lipo palepale.

Anza na laini ya simu, kwa vile ndiyo inayokuumbua kila siku. Nenda duka la kampuni yenyewe, si kibanda cha wakala, kwa maana wakala hana mamlaka ya kubadili jina la mwenye laini. Beba kitambulisho kipya na nakala ya hati. Hakikisha wamebadilisha usajili wa laini na akaunti ya pesa pia, halafu kabla hujatoka mlangoni mwombe mtu akutumie shilingi kumi uone ni jina gani linarudi kwake. Kama una nambari ya kulipia ya biashara, hiyo ni akaunti nyingine na inahitaji ombi lake.

Kisha KRA, mamlaka ya ushuru. Mfumo wake hulinganisha jina lako na hifadhidata ya taifa ya watu, na hifadhidata hiyo wakati mwingine huchelewa kuliko kadi mkononi. Ndiyo maana mtu mwenye kadi mpya hukataliwa akadhani ni njama. Siku ya kuchukua kadi, mwombe ofisa athibitishe kwamba jina limebadilika pia kwenye kompyuta. KRA ikishakubali, benki inafuata, kisha NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni), bima ya afya ya SHA (hiyo iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024), leseni ya udereva na sajili ya wapiga kura. Ukianza na benki kabla ya KRA, benki itakuomba cheti cha PIN (nambari yako ya ushuru) chenye jina jipya na utarudi mwanzo.

Cheti cha maadili mema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, hutegemea alama za vidole. Usitarajie kwamba jina jipya litafuta rekodi ya zamani, wala usiogope kwamba litakuundia rekodi mbili.

Taasisi ikikaidi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kurekebishiwa taarifa zisizo sahihi. Andika ombi, ambatanisha hati, weka tarehe. Kanuni za 2021 zinaipa taasisi siku 14. Zikipita kimya, lalamika kwa Kamishna wa Data. Tumeona kwamba ombi lililoandikwa likitaja kifungu cha 40 hujibiwa haraka kuliko kupiga kelele kwenye foleni, ingawa kelele hupoza moyo.

Swali: *Mimi ni mwanamume transjenda, nimemaliza KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) muda mrefu na nina diploma. Vyeti vyote vina jina la kike. Mwajiri atanielewa?*

Jibu: Hapa una uamuzi wa kuegemea, kaka. Audrey Mbugua Ithibu alifanya KCSE mwaka 2001 akapata A-. Baraza la Mitihani lilipokataa kubadilisha cheti chake alilishtaki, na tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliamuru atolewe cheti kipya chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Hoja ya mahakama ilikuwa nyepesi kueleweka: alama za mtihani hazitolewi kwa jinsia, na kuiondoa hakukipunguzii cheti thamani.

Andikia baraza ukiambatanisha hati, ukurasa wa gazeti, kitambulisho kipya na nakala ya cheti, na uutaje uamuzi huo kwa jina na tarehe. Cheti halisi usikitoe mkononi mpaka wakuambie kwa maandishi wanakihitaji na wakupe risiti. Jibu laweza kuchukua muda mrefu, kwa hiyo usisimamishe maisha ukilisubiri.

Hapa ndipo afidaviti inapofaa. Tengeneza faili moja: cheti cha zamani, hati iliyosajiliwa, tangazo, kitambulisho kipya, na afidaviti inayotaja kila cheti kwa nambari yake na kusema mwenyewe ni wewe. Vyuo vingi husita kuchapisha diploma upya, lakini ofisi ya msajili wa chuo inaweza kukupa barua yenye muhuri inayothibitisha kwamba mwenye jina lile ndiye wewe. Barua hiyo iombe isitaje jinsia wala matibabu. Kwenye wasifu wa kazi andika jina jipya tu. Faili nzima itolewe wakati wa kukagua vyeti, ukishapewa kazi, na iende kwa mtu mmoja wa idara ya wafanyakazi.

Swali: *Nasimamia mishahara katika kiwanda Industrial Area. Mfanyakazi wetu anabadili jina na jinsia. Nitaharibu hesabu za PAYE (kodi ya mshahara) nikibadilisha jina lake sasa?*

Jibu: Gawa mambo mafungu mawili. Kitambulisho cha kazini, barua pepe, orodha ya zamu na jina la mlangoni vibadilishe leo, havidai hati yoyote ya serikali. Orodha ya mishahara isubiri hadi KRA na benki ziwe na jina jipya, la sivyo benki itarudisha mshahara kwa kuwa jina la akaunti halilingani. Badilisha mara tu mshahara wa mwezi mmoja umeshaingia, ili upate wiki kadhaa za kurekebisha kabla ya mwingine. PIN na nambari ya kitambulisho zisiguswe. Ukifungua jalada jipya la mfanyakazi, mwisho wa mwaka atakuwa na fomu mbili za P9, ile ya mshahara na kodi ya mwaka, na KRA itataka maelezo.

Sheria ya data inahesabu jinsia na hali ya afya kuwa taarifa nyeti. Jalada la zamani lifungwe mahali ambapo wewe na mkuu wako pekee mnalifikia, na tangazo la mabadiliko lisibandikwe ubaoni. Ndiyo, kuna waliobandika.

Swali: *Mimi ni mama wa Kayole. Mwanangu anataka na cheti cha kuzaliwa kibadilishwe. Mimi ndiye niliyemwandikisha, naweza kwenda kumbadilishia?*

Jibu: Kwa cheti hicho, mama, muda umepita. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, kifungu cha 14, humruhusu mzazi kubadili jina ndani ya miaka miwili tangu mtoto aandikishwe. Cheti cha mtu mzima hubaki kama kilivyo, na hati ya kubadili jina hukaa kando yake kama daraja. Mwaweza kumsaidia kwa njia nyingine yenye maana: kutoa lile tamko la kisheria la kumtambua. Hakuna anayemjua kwa miaka mingi kuliko ninyi. Na kama jina lake la zamani liko kwenye hati miliki ya shamba, nakala ya hati ya kubadili jina ipelekwe kwa msajili wa ardhi wa eneo hilo mngali hai na mna nguvu za kushuhudia.

Swali: *Pasipoti yangu ina visa ambayo haijaisha. Nikibadili jina itakuwaje?*

Jibu: Kitambulisho kwanza, kisha ombi la pasipoti kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, kisha ofisi za uhamiaji za Nyayo House kwa picha na alama za vidole ukiwa na hati na tangazo. Omba pasipoti ya zamani irudishwe ikiwa imetobolewa, kwa sababu ya ile visa, na uandikie ubalozi husika kuuliza kama wataitambua pamoja na pasipoti mpya. Tiketi usiikate kabla. Jina la tiketi lazima lilingane na pasipoti utakayosafiri nayo. Fomu za visa za nchi nyingi zina sehemu ya majina uliyowahi kutumia: jaza la zamani bila kuficha, maana likionekana kwenye gazeti la serikali na halipo kwenye fomu, ombi lako linaingia mashaka yasiyohitajika. Alama ya jinsia itafuata ile ya kitambulisho, kwa hiyo ikiwa sura yako na alama haviendani, beba barua ya daktari iliyo kwenye karatasi yenye nembo, yenye tarehe ya karibuni, nambari ya usajili ya daktari na sentensi mbili tu: kwamba uko chini ya uangalizi wake, na kwamba mwenye pasipoti hiyo, nambari fulani, ndiye wewe.